Mtumbwi wa Mtu Mmoja: Habari za Vyombo vya Wavuvi wa Bonde la Kilombero

Leo nataka kuwaeleza habari za kitu ambacho watu wa Ifakara wamekiona tangu utoto wao, nacho ni mtumbwi. Yamkini wako watakaosema, "Mtumbwi ni kitu gani hata mwalimu aupigie mbiu?" Siwalaumu, maana mimi nami zamani nilidhani hivyo. Shuleni tulifundishwa habari za merikebu za Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, tukazichora pamoja na matanga yake na milingoti yake. Lakini habari za chombo kilicholala kifudifudi chini ya mwembe, hatua ishirini kutoka mlango wa darasa, hapana mtu aliyetueleza.

Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alikufa maji. Alikuwa mvuvi tangu ujana wake, naye aliujua mto kama mtu aijuavyo njia ya kisimani kwake. Siku ile aliondoka alfajiri peke yake kwenda kuitazama migono yake, asirudi. Mtumbwi wake ulionekana siku ya pili umenasa katika matete, mzima, hauna hata ufa. Tulipokaa matanga kila mtu alisema lake. Wengine walisema ni kiboko, wengine mamba, na wengine walinong'ona maneno ambayo sipendi kuyarudia. Mzee mmoja, fundi wa kuchonga, hakusema neno. Alikwenda ukingoni, akaupima ule mtumbwi kwa shibiri zake, ubavu kwa ubavu, akarudi akakaa. Baadaye alisema, "Mtumbwi huu ni wa watu wawili. Yeye alikuwa mmoja."

Neno lile sikulifahamu. Mjomba alikuwa ameununua mtumbwi ule kwa bei ndogo kwa msafiri mmoja, kwa sababu wa kwake ulikuwa umeoza na msimu wa samaki ulikuwa umeanza. Nilidhani mtumbwi ni mtumbwi, kama kiti ni kiti. Ilinichukua miaka mingi kufahamu, nami nimefahamu vema mwaka jana tu, mpwa wangu aliponijia likizoni akasema, "Shikamoo, mjomba. Nataka kununua mtumbwi, nivue peke yangu. Nimeonyeshwa mitatu. Nitwae upi?"

Mimi ni mtu wa chaki, kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Sikuweza kumjibu papo hapo. Lakini mjomba wa watu haambii mpwa wake "sijui" akalala usingizi. Basi nilivifungua vitabu, kisha nikaenda kuwauliza wazee, na niliyoyapata kwa njia hizi mbili ndiyo ninayowaletea leo.

Kwanza sharti tuijue nchi yenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa, iliyo upande wa kaskazini na magharibi, na milima ya Mahenge, iliyo upande wa kusini na mashariki. Mito ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga hushuka kutoka nyanda za juu, ikakutana na kuufanya mto mmoja, ndio Kilombero, ambao Wajerumani walizoea kuuita Ulanga. Mto huu ukiisha kukutana na Luwegu, huitwa Rufiji, nao huenda mpaka bahari ya Hindi. Bonde lina urefu upatao kilometa 260, na mahali penye upana hufika kilometa 50. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na kufikia Machi na Aprili mto huziruka kingo zake, na uwanda wote ukawa kama ziwa lenye majani. Kisha maji hurudi polepole, na miezi ya kiangazi mto hukaa ndani ya kingo zake, na fungu za mchanga mweupe huonekana, ambapo mamba huota jua.

Kwa hiyo mvuvi wa Kilombero ana pwani mbili. Wakati wa mafuriko huusukuma mtumbwi wake kutoka katika majani na tope, mahali pasipo na ukingo wa hakika. Wakati wa kiangazi huuburura juu ya mchanga. Chombo kimoja sharti kimfae pande zote mbili, wala hana mwenzake wa kumshikia upande wa pili. Shikeni neno hili, maana ndilo fumbo lenyewe.

Sasa twende pwani kidogo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja aliyejua Kiyunani aliandika kitabu cha kuwaongoza manahodha katika bahari ya Sham na pwani yetu. Jina lake hatulijui, lakini kitabu chake kipo hata leo. Anaeleza juu ya kisiwa alichokiita Menouthias, na bandari aliyoiita Rhapta, ambayo wataalamu wengi huitafuta karibu na mlango wa Rufiji au pande za Dar es Salaam. Anasema kwamba watu wa huko walikuwa na mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba, na tena mitumbwi ya gogo moja, waliyoitumia kuvulia samaki na kasa. Na kisiwani waliwanasa samaki kwa vikapu walivyovitega katika njia za maji. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Mtumbwi wa gogo moja na mtego wa kusukwa! Mtu angaliwaandika wavuvi wa Kilombero asingaliandika maneno mengine. Ikiwa kweli Rhapta ilikuwa karibu na Rufiji, basi maji yaliyopita mbele ya mji ule yalikuwa yametoka kwetu.

Wala mtumbwi si kitu cha pwani tu. Katika nchi ya Naijeria, mwaka 1987, mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa akichimba kisima karibu na kijiji cha Dufuna alikuta gogo lililochongwa, na wataalamu walipolipima waliona kwamba ni mtumbwi wenye umri upatao miaka 8,000. Kabla ya kuwapo piramidi yoyote katika Misri, Mwafrika alikuwa amekwisha kaa ndani ya gogo akipiga kafi.

Lakini gogo lina tabia yake, nayo ni kubingirika. Mtoto yeyote aliyechezea gogo mtoni anajua. Basi kila taifa lililotumia mtumbwi lilipaswa kutafuta dawa ya tabia hiyo, na dawa zao si moja. Watu wa pwani na visiwani hufunga miti miwili ya kukingama juu ya mtumbwi, na katika ncha zake hutia mbao za kuelea, ndubi, moja kila upande. Hiyo ndiyo ngalawa. Ikitaka kulala upande mmoja, ndubi ya upande ule huyakandamiza maji nayo hukataa. Wataalamu wasema kwamba ufundi huu ulitoka mbali, kwa mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ambao wajukuu wao wako Bukini hata leo. Wavuvi wa Ziwa Nyasa wana dawa nyingine: hulichimba gogo kwa ufa mwembamba juu na tumbo pana ndani, na mvuvi huketi juu ya midomo miguu yake ikiwa ndani, hivyo mawimbi ya ziwa hayapati mlango wa kuingilia. Waganda nao walishona mbao juu ya mkuku mrefu wakafanya mitumbwi mikubwa ya vita, ambayo Stanley aliiona katika mwaka 1875 kwa mamia. Lakini hiyo ni ya watu wengi, tuiache.

Kwa nini basi watu wa Kilombero hawakuitwaa ngalawa? Nilimwuliza mzee mmoja Mndamba swali hilo, akanitazama kama amtazamavyo mtoto aliyeuliza kwa nini kuku hana meno. Akasema, "Mwalimu, hizo mbao zako utazipitisha wapi katika matete?" Kweli. Wakati wa mafuriko njia za maji katika majani ni nyembamba, pengine hazizidi upana wa mtumbwi wenyewe. Ndubi ingenasa katika kila shina. Na Ziwa Nyasa lina mawimbi makubwa, lakini mto wetu hauna. Una mkondo, una visiki, na una viboko. Kwa hiyo dawa ya Kilombero ilipasa kuwa katika umbo la mtumbwi lenyewe, wala si katika kitu cha kuongezwa nje.

Wandamba ndio wavuvi wa tangu zamani katika bonde hili. Katika karne ya 19 nchi ilivurugika sana. Vita vilivyoletwa na Wangoni kutoka kusini viliwasukuma watu huku na huku. Wambunga waliingia bondeni wakakaa pande za Ifakara. Wabena walishuka kutoka milimani, na ukoo wa Kiwanga ukatawala pande za Utengule. Na Wahehe nao walishuka kwa vita kutoka upande wa pili. Wandamba hawakuwa na majeshi. Wazee husimulia kwamba ngome yao ilikuwa maji. Vita vikija walitia watoto, mbegu na vyungu mitumbwini, wakaingia katika matete, mahali ambapo mtu wa mkuki na ngao hawezi kuwafuata, wakakaa huko hata adui achoke. Mtumbwi mkubwa ulichukua jamaa nzima. Lakini mtumbwi mdogo wa mtu mmoja ndio uliotoka usiku kutafuta samaki, polepole, bila mlio, ili wale waliojificha wale. Twaweza kusema kwamba wako watu walio hai leo kwa sababu mtumbwi wa babu yao haukupinduka.

Vita vya Maji Maji vilipotokea mwaka 1905, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge tarehe 30 Agosti, wakapigwa kwa bunduki za mtombo, na baadaye ikaja njaa kubwa. Vita Kuu navyo vilifika huku, hata Wabelgiji wakaitwaa Mahenge mwezi wa Oktoba 1917. Zamani za Waingereza, katika miaka ya 1940, watu wengi wa bondeni walihamishwa wakakusanywa pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Kila mara wavuvi walirudi mtoni. Sitakaa sana katika habari hizi, maana mkizitaka mtazipata penginepo. Habari ya mtumbwi haiko katika vitabu hivyo illa kwa neno moja moja, kwamba mpunga ulichukuliwa kwa mitumbwi au kwamba bwana fulani alivushwa.

Turudi kwa mpwa wangu. Tulikwenda pamoja kwa yule mzee fundi, ndiye yule aliyeupima mtumbwi wa mjomba. Sasa ni mzee sana, naye hachongi tena, lakini macho yake yako. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akatukaribisha mkekani. Mpwa wangu alipokwisha kueleza haja yake, mzee alitwaa fimbo yake akasema, "Mitumbwi haijulikani kwa maneno. Twendeni mtoni."

Mtumbwi wa kwanza ulikuwa wa mvule, mrefu, mwembamba, umechongwa vizuri mno. Rangi yake ilikuwa kama ya tende, na kingo zake zilikuwa sawa kama zilizopigwa mstari. Mpwa wangu aliupenda tangu mbali, na kusema kweli mimi pia niliupenda. Mvule ni mti mgumu, mchwa hauuwezi, na mtumbwi wake huweza kudumu kuliko aliyeununua. Wa pili ulikuwa wa mbao mpya, umepigiliwa misumari na kuzibwa nyufa kwa pamba na lami, chini ni bapa kama meza. Wa tatu ulikuwa wa mkangazi, mfupi, mnene wa tumbo, na ubavuni una kiraka cha bati. Kwa uso, huo ulikuwa kama jungu kuu lililotupwa jalalani.

Mzee akamwambia mpwa wangu ausukume wa kwanza majini peke yake, kisha apande. Aliuburura kwa taabu, maana mvule ni mzito, na ulipofika hapo ambapo nusu iko juu ya mchanga na nusu inaelea, mzee akapaza sauti, "Simama hapo hapo! Sasa panda." Kijana akatia mguu. Mtumbwi ukalala ubavu mara moja akaangukia magoti mchangani. Mimi nikasema kwamba kosa ni la kijana, hakutia mguu katikati. Mzee akatabasamu akasema, "Haya, mwalimu." Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikatia mguu katikati kabisa. Wasikilizaji wangu, sitawaeleza mengi; nilikwenda nyumbani nimelowa mpaka kofia.

Ndipo mzee alipotufundisha jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote. Alisema kwamba watu hudhani hatari ya mtumbwi iko katikati ya mto, kwenye kina. Lakini watu wengi aliowazika yeye walikufa karibu na ukingo. Mtumbwi unaoelea wote hushikwa na maji pande zote, kila ubavu wapata msaada wake. Lakini ukiwa mbele umekaa juu ya mchanga na nyuma unaelea, maji hushika nusu tu, na huko mbele umesimama juu ya mstari mmoja, kama mtu aliyesimama kwa ncha ya kidole. Ikiwa upande wa chini wa omo ni mkali kama jembe, ndipo huenda mrama kwa kitu kidogo tu. Wakiwa wawili, mmoja hushuka akaushika na mwenziwe akapakia nyavu. Aliye peke yake hana wa kumshikia, naye hupita mlango ule mara mbili kila siku, akienda na akirudi, na akirudi amechoka, na samaki wako ndani, na pengine giza limeingia. Na mamba hungoja wapi? Pale pale ukingoni.

Kwa hiyo mtumbwi wa mtu mmoja sharti uwe bapa chini ya omo, upana wa kiganja na nusu au zaidi, ili ukikaa mchangani utulie kama bata. Na omo hiyo iinuke kidogo, ili ipande juu ya mchanga isichimbe. Mzee aligeuza ule wa mkangazi kifudifudi kwa msaada wa fimbo yake, akatuonyesha. Fundi aliyeuchonga, yeyote aliyekuwa, alijua kazi.

Jambo la pili ni uzito, na mahali uzito ulipo. Hapa ndipo penye mgogoro. Mtumbwi mzito hutulia majini, lakini mtu mmoja hawezi kuupandisha. Na usipopandishwa, mkondo huuchukua usiku au kiboko huuvunja. Mtumbwi mwepesi hupandishwa upesi, lakini hubingirika. Mafundi wa zamani walipatanisha hayo mawili kwa kuacha sakafu nene na kuchonga mbavu nyembamba, hata mzee alipogonga kwa kifundo cha kidole tulisikia sauti mbili: chini sauti nzito kama ya kinu, ubavuni sauti nyepesi kama ya ngoma ndogo. Uzito ukikaa chini humsaidia mwenye chombo. Ukikaa juu humsaliti. Nanyi mwaweza kujaribu nyumbani: twaeni kibuyu, mtie mchanga kidogo chini yake, mkieleze katika karai la maji, mkisukume. Kitarudi kusimama. Kisha mfunge mchanga ule juu shingoni, mtaona.

Upana nao ni kama hivyo. Wanafunzi wangu hupenda nieleze sababu, nami huwaambia hivi: chombo kikilala upande, ubavu wa upande ule huzama zaidi, na maji yaliyosukumwa huurudisha juu. Chombo kikiwa kipana, maji hayo yako mbali na katikati, nayo husukuma kwa nguvu, kama mtu ashikaye mpini mrefu. Gogo la mviringo halina ubavu wa kuzama zaidi, kwa hiyo maji hayana mahali pa kulishika. Lakini upana ukizidi, mtu mmoja hawezi kupiga kafi upande huu na upande huu, na majani humzuia. Tulipima ule wa mkangazi: urefu pima mbili na nusu, upana shibiri tatu, kina shibiri moja na nusu. Mzee akasema kwamba kwa mtu wa umbo la mpwa wangu ni sawa, na kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa na nguvu, alipenda upungue vidole vinne. Ule wa mvule ulikuwa na urefu wa pima nne na upana wa shibiri mbili tu. Mtu mmoja akikaa nyuma, mbele huinuka hewani, na upepo huushika ukaugeuza apendavyo upepo, si apendavyo mwenye kafi.

Hapo nilikumbuka neno la matangani, nikamwuliza, "Babu, ule wa mjomba ulikuwa kama huu?" Akajibu, "Ndugu yake."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Jaribio la tatu lilikuwa gumu. Mzee alimwamuru kijana aingie maji ya kifuani mahali ambapo wanawake huteka na watoto huoga, palipozungushiwa miti kwa ajili ya mamba, aujaze mtumbwi maji mpaka midomo, kisha apande peke yake. Wa mbao ulipojaa ulibaki unaelea chini kidogo ya uso wa maji, ukayumba, akashindwa mara mbili, mara ya tatu akaweza. Wa mvule ulizama nyuma, wala hakuupanda kabisa. Wa mkangazi, ambao mti wake ni mwepesi kuliko mvule, ulikaa sawa. Akajitupa juu yake kwa tumbo, akajigeuza, akakaa ndani maji yakimfika kiunoni, akaanza kuyafua kwa upo. "Wa watu wawili, mmoja hushika, mwenziwe hupanda," mzee akasema. "Wa mtu mmoja, nani ashike?"

Nataka kuusemea kidogo ule wa mbao, maana siku hizi ndio unaoongezeka, wala si haki kuudharau. Mivule na mikangazi mikubwa imepungua sana bondeni. Misitu imefyekwa kwa mashamba, na watu wameongezeka tangu reli ya TAZARA ilipopitishwa Ifakara na Mlimba katika miaka ya 1970. Bonde liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya nchi zenye maji zinazostahili kulindwa na mataifa yote, na mwaka uo huo ikatungwa Sheria ya Misitu, ambayo kwayo kukata mti wa namna hii kwahitaji kibali. Hayo ni mema, maana bonde lisipokuwa na miti wala majani halitakuwa na samaki, wala sheshe wetu, mnyama ambaye wengi wake waliobaki duniani waliishi katika bonde hili. Basi fundi hufanya kwa mbao alizo nazo. Wengine huchonga mkuyu, ambao ni mwepesi na laini kwa tezo, lakini huoza upesi. Mtumbwi wa mbao huwa bapa, hutulia, na hautaki mti mzima. Lakini visiki vya mto wetu hupasua viungo, misumari hula kutu, na mtu aliye peke yake akianza kuvujiwa hana mkono wa tatu wa kufua maji. Mzee hakuukataa. Alisema kwamba angemchagulia kijana huo kama ule wa kiraka usingalikuwapo, kwa sharti kwamba kila mwaka autie lami upya kabla ya mvua.

Nimewasikia watu wakisema kwamba habari za mitumbwi zimekwisha, kwa kuwa mwaka 2018 daraja kubwa lilifunguliwa juu ya mto pale Kivukoni, na mtu aendaye Mahenge hangoji tena pantoni, ile iliyotutia hofu miaka mingi, na mwaka 2016 ikazamisha watu. Nami niliishukuru siku ile kama kila mtu. Lakini daraja humvusha msafiri. Kambale, kitoga, ngogo na perege hawapiti darajani. Mvuvi aendaye dago wakati wa kiangazi, akaaye katika kibanda cha majani fungu la mchangani miezi miwili au mitatu, humhitaji mtumbwi wake kama alivyomhitaji babu yake.

Siku ya nne mpwa wangu alilipa fedha zake, nusu taslimu na nusu kwa ahadi ya samaki wakavu, akautwaa ule wa mkangazi. Kiraka cha bati tulikiondoa, mzee akatuonyesha jinsi ya kukata kipande cha mti wa namna ile ile na kukitia kwa kabari ili kikivimba kwa maji kizibe chenyewe. Alimfundisha pia kuutembeza mtumbwi mchangani: asiuburure mbele kwa nguvu kama punda, bali ainue omo, aigeuze hatua moja upande, kisha aende nyuma afanye vivyo hivyo, hata mtumbwi uende wenyewe kama mtu achechemeaye, na vigogo viwili vya mviringo viwekwe chini mahali penye mwinuko.

Nilikuwapo alfajiri aliyousukuma mara ya kwanza. Dada yangu alikuja pia, akasimama mbali kidogo amejifunga kanga yake kifuani, mikono ameifumbata, hakusema neno. Kijana aliuacha omo juu ya mchanga, akatia nyavu nyuma, akatia pondo na kafi, akaweka mkono mmoja ubavu huu na mmoja ubavu huu, akapanda. Mtumbwi ulishuka kidogo kwa uzito wake ukatulia. Akaegemea nyuma, omo ikanyanyuka mchangani bila mlio, akachukuliwa na maji. Tulisikia kafi yake katika ukungu mara kumi au kumi na tano, kisha hatukusikia tena.

Dada yangu alikaa pale pale mpaka jua lilipofika juu ya miti. Mimi nilikuwa na vipindi asubuhi, nikaenda zangu. Nilipopita jioni, mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi chini ya mwembe, umefungwa kwa kamba, na chini yake maji yalikuwa bado yakidondoka.